Munganga akisema "umemaliza", mama anaanza safari nyingine

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwezi. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, tukayapanga kidogo tu.)



Komite imeniomba niseme juu ya afya ya moyo na akili baada ya ugonjwa mkubwa. Ni habari pana. Ili tusipotee, nimechagua ugonjwa mmoja, kansa ya titi, na wamama wa sehemu moja: wamama wa Marekani wanaosema Kihispania, wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Guatemala, El Salvador na inchi zingine za upande ule.

Najua kuna atakayeuliza: juu gani unatupeleka mbali hivyo, na wagonjwa wako hapa kwetu? Nina sababu mbili. Ya kwanza, kule jambo hili limechunguzwa na waganga pamoja na wamama wenyewe, na matokeo yameandikwa. Ya pili, maisha ya wamama wale yanafanana na yetu kuliko munavyofikiri. Wengi wao au wazazi wao waliacha inchi yao. Wanaenda hopitali ambako munganga anasema lugha ingine. Wanategemea jamaa na kanisa kuliko ofisi. Tena ndugu zetu wengi waliotoka kambi ya Nyarugusu kupelekwa Marekani wanaishi leo katika miji ambamo wamama hao pia wanaishi. Kinachowasaidia wale kinaweza kumusaidia dada yako aliye kule, na kinaweza kutusaidia sisi hapa.

Siku ya kufika si siku ya mwisho

Nyinyi muliopanda meli pale Kigoma mukashuka Baraka, munaijua siku ya kufika. Kulikuwa nyimbo, kulikuwa watu wengi pembeni ya ziwa, mulipewa turubai, sufuria na chakula cha kuanzia. Kila mutu alisema: sasa mumefika nyumbani, mateso yameisha. Kisha magari yakaondoka. Mukabaki na shamba ambalo mutu mwingine analima, nyumba iliyoanguka, mutoto aliyezoea shule ya kambini. Na hakuna tena aliyekuja kuwauliza munaendelea aje, juu kwenye karatasi mulikuwa mumekwisha kurudi.

Mama aliyeugua kansa ya titi anapita njia hiyo hiyo. Wakati wa matibabu watu wanamuzunguka. Kuna tarehe ya upasuaji, tarehe ya kemo, tarehe ya mionzi. Wadada wa kanisa wanapika, watoto wanamusindikiza. Siku munganga anasema "umemaliza", watu wote wanafurahi na wanarudi kwenye kazi zao. Jamaa inafikiri imefika mwisho. Lakini yeye, jioni, akibaki peke yake, anaanza kusikia kitu ambacho hakuwa na nafasi ya kusikia wakati wa matibabu.

Anasikia nini? Kwanza mwili. Titi limekatwa lote au nusu, na anapooga hataki kujiangalia. Kama waliondoa tezi za kwapani, mkono unaweza kuvimba, na kubeba ndoo au mutoto kunakuwa shida. Wengi wanaendelea kumeza dawa ya homoni, kama tamoksifeni, miaka 5 na wengine mpaka 10. Dawa hiyo inaweza kuleta joto la gafula na jasho la usiku. Kuna uchovu ambao usingizi hauumalizi.

Pili, woga. Kila maumivu madogo ya mgongo anajiuliza: imerudi? Akisubiri majibu ya kipimo, siku tatu zinakuwa kama mwezi. Waganga wanajua woga huo, ni mojawapo ya mambo ambayo wanawake waliopona wanalalamikia sana.

Tatu, nyumba. Bwana yake anamutazama namna gani sasa? Watoto wanataka mama yule wa zamani. Na kodi ya nyumba haingoji.

Kule Marekani, kansa ya titi ndiyo kansa inayowapata sana wanawake wenye asili ya Kihispania, na ndiyo inayoua wengi wao kuliko kansa zingine zote. Wanaipata kidogo kuliko wanawake weupe, lakini mara nyingi zaidi inagunduliwa ikiwa imekwisha kuendelea. Sababu zinajulikana: wengi hawana bima ya afya, wengine wana kazi ya mashamba au ya kusafisha majumba ambayo siku moja ya kukosa ni mushahara wa siku moja umepotea, na lugha inawafunga. Kuna wamama ambao habari ya kansa yao ilitafsiriwa na mutoto wao mwenyewe. Mufikiri mutoto anasikia neno lile kwanza, kisha yeye ndiye analitia kwenye masikio ya mama yake.

"Kaza roho" yao na ya kwetu

Wamama wale wana neno moja ambalo munalijua bila kusoma Kihispania. Wanasema "aguantar". Maana yake ni kuvumilia, kubeba bila kulalamika. Sisi tunasema "kaza roho". Mama mzuri, kwa mawazo ya watu wengi kule, ni yule anayejitoa kwa ajili ya nyumba yake na hasumbui mutu. Anaficha machozi juu asiwaogopeshe watoto. Watoto nao wanaficha yao juu wasimuogopeshe mama. Nyumba nzima inanyamaza, na kila mutu analia kwenye chumba chake.

Sisemi kwamba kuvumilia ni mubaya. Bila uvumilivu hakuna hata mmoja wetu angekuwa hapa leo. Jamaa ile ile inayomubebesha mama muzigo ndiyo pia inamusaidia kupona. Ninachosema ni kwamba "kaza roho" inasaidia kuvuka muto, haisaidii kuishi kwenye ngambo ya pili miaka kumi. Mutu aliyekaza roho muda murefu, mwili wake unakaza pia: usingizi unakimbia, kichwa kinauma, hasira inatokea kwa kitu kidogo, hamu ya kula inaisha.

Kuwa mahali ulipo

Sasa tuingie kwenye dawa hii isiyo ya kumeza. Wahispania wanaiita "atención plena", uangalifu kamili. Mimi kwa Kiswahili chetu nitasema: kuwa mahali ulipo.

Akili ya mutu aliyeogopa haikai. Inaenda kesho, inaona kaburi na mayatima. Inarudi jana, inauliza ningeenda hopitali mapema ingekuwa aje. Mwili uko hapa unatoa majani ya sombe, akili iko mbali. Zoezi hili ni kuirudisha akili kwenye mwili, pole pole, bila kuigombeza, mara moja, mara kumi, mara mia.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Marekani, alianza kufundisha mazoezi hayo hopitalini kwa wagonjwa wenye maumivu ambayo dawa haikuyamaliza. Programu yake ni ya majuma 8. Watu wanakutana mara moja kwa juma, na nyumbani wanajizoesha kila siku. Wanajifunza kusikiliza pumzi, kunyoosha mwili taratibu, kutembea wakijua wanatembea, na kupitisha mawazo kwenye mwili toka vidole vya miguu mpaka kichwani.

Hilo la mwisho, kwa mama aliyekatwa titi, ni zito. Mawazo yanapanda kwenye mguu, kwenye tumbo, yanafika kifuani. Pale kuna kovu. Mwalimu anayejua kazi hamusukumi. Anamuambia: ukitaka, pita pembeni; ukiweza, kaa hapo pumzi moja tu, kama unavyokaa pembeni ya mutoto mugonjwa. Kuna wanaochukua majuma kadhaa kabla ya kukubali kukaa pumzi ile moja. Lakini siku wanapokaa, kitu kinalegea. Sehemu ile ya mwili inaacha kuwa adui.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2015 chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, kilitoa matokeo ya programu ya majuma 6 kwa wanawake waliopata kansa ya titi wakiwa bado vijana. Waliofanya mazoezi, mawazo mazito yalipungua, na usingizi ukawa afadhali. Mwaka 2021 watu wa UCLA na wenzao walitoa utafiti mukubwa zaidi, na huzuni kubwa ilipungua, na kwa waliofanya mazoezi hayo nafuu ilikuwa bado inaonekana miezi 6 baadaye. Mwaka 2023 chama cha waganga wa kansa wa Marekani, pamoja na wenzao, waliandika katika maagizo yao kwamba mazoezi haya yapewe watu wazima wenye kansa walio na woga na huzuni. Kwa hiyo hatuongelei hadisi, wala biashara ya mutu anayeuza mafuta sokoni.

Mutu aliyepita njia

Lakini hapa ndipo kuna somo ambalo nataka mulichukue nyumbani. Sehemu kubwa ya utafiti juu ya mazoezi haya ulifanyiwa wanawake weupe, wenye masomo, wenye muda na gari. Ukimuita mama anayesafisha hoteli, uko kwenye Kingereza, saa nane ya mchana, mbali na kwake, hatakuja. Wengine wakaamini kwamba wamama wa Kihispania hawapendi vitu hivi. Haikuwa kweli. Kilichokosekana ni mulango wa kuingilia.

Kule California, watafiti na chama cha kusaidia wagonjwa kinachoitwa Círculo de Vida walitengeneza pamoja programu iliyoitwa Nuevo Amanecer, maana yake pambazuko jipya. Haikuwa programu ya "kuwa mahali ulipo" peke yake. Ilikuwa na pumzi na kutuliza mwili, na pia namna ya kujibu mawazo ya kukata tamaa, namna ya kuongea na jamaa na munganga, na kujiwekea lengo dogo la juma. Ilichukua majuma 8, kwa Kihispania chepesi.

Na nani alifundisha? Hawakutuma munganga wa akili. Walifundisha wamama wa Kihispania waliougua kansa ya titi wao wenyewe wakapona. Waliwaita "compañeras", wenzi. Mwenzi alikaa na mama mmoja, juma kwa juma. Akisema "najua woga wa kungoja majibu", hakuna wa kumukatalia, juu kovu lake liko.

Matokeo yalitoka mwaka 2015. Wanawake 151 walishiriki. Wale waliopata mwenzi walikuwa na hali bora ya moyo na ya mwili, na dalili za huzuni zilikuwa kidogo kuliko kwa wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Baadaye programu ikapelekwa kwenye vijiji vya California, kwa wamama wengi wasiosoma sana, ikaongezwa mpaka majuma 10 ili kwenda pole pole.

Musikie vizuri, wanachama na marafiki wafadhili. Kilichofanya kazi pale ni vitu vitatu: lugha ya mama, mutu aliyepita njia ile ile, na kurudi kila juma bila kukosa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine.

Maswali ninayokutana nayo

Ninapoongea habari hii kwenye vijiji, maswali matatu yanarudi. Nitajibu mapema.

La kwanza: hii si dini ya watu wengine? Asili ya mazoezi inatoka kwa Wabudha, tusifiche. Lakini namna inavyofundishwa hopitalini haina sala, haina sanamu, haimuambii mutu aamini nini. Wamama wa Kihispania wengi ni Wakatoliki na wengine ni Waprotestanti wa kanisa za uamsho, na kuna wanaofanya pumzi zao kwanza kisha wanasali rozari au wanasoma Biblia. Kutulia hakumuondoi mutu kwa Mungu wake. Wengine wanasema wanasali vizuri zaidi wakiwa wametulia.

La pili: basi mama aache kwenda hopitali? Hapana, na nalisema kwa nguvu. Kupumua vizuri hakuponyi kansa. Uvimbe kwenye titi unapelekwa kwa munganga, dawa inamezwa mpaka mwisho, vipimo vinafuatwa. Zoezi hili ni la mutu anayebeba ugonjwa, si la ugonjwa wenyewe.

La tatu ni letu sisi hasa: na mutu aliyeona vita? Ni swali la maana. Mutu aliyekimbia risasi, ukimuambia afunge macho na anyamaze, anaweza kuona tena yale aliyokimbia. Kwa hiyo kwetu macho yanabaki wazi. Tunaanza na dakika mbili, si nusu saa. Tunaanza na miguu kwenye udongo, si na kifua. Na mutu akitetemeka au akiona picha mbaya, tunaacha mara moja, tunamupa maji, tunaongea naye, na tunamusindikiza kwa mutu mwenye ujuzi.

Dakika mbili

Tujaribu sasa, hapa hapa kwenye viti. Muweke miguu yote miwili chini. Musikie udongo unavyowabeba. Muweke mikono kwenye mapaja. Muvute pumzi kama kawaida, musiilazimishe, kisha muitoe pole pole kuliko mulivyoivuta. Mawazo yatakimbia kwenda sokoni, kwa mutoto, kwa deni la likelemba. Ni kawaida. Museme kimoyomoyo "nimeona", murudi kwenye miguu. Pumzi tano, kisha kumi.

Hayo ndiyo. Mama anaweza kufanya hivyo akiwa anaosha sahani: asikie maji, asikie sahani, asikie mikono yake. Anaweza kuifanya usiku woga unapokuja. Anaweza kuifanya kwenye benchi ya hopitali akingoja kuitwa. Haitafuta woga. Itampa nafasi ndogo kati yake na woga, na ndani ya nafasi hiyo anaweza kulala, kucheka na mutoto, au kulia bila kuficha.

Ninachoomba chama

Chama chetu kinajua kusaidia kwenye matanga. Kinajua kusaidia kwenye uzazi. Kinachangia facture ya hopitali, na wafadhili wetu wamekwisha kutubeba mara nyingi kwa hiyo. Lakini tunasimama kwenye mulango wa hopitali. Mama akitoka na kikaratasi chake, daftari letu linafungwa. Yeye ndiye anayebaki na usiku.

Naomba tuongeze mustari mmoja kwenye sheria za chama. Mama yeyote kati yetu anayetoka kwenye matibabu ya ugonjwa mkubwa, kansa au mwingine, apewe mwenzi wa majuma 8. Mwenzi awe mwanamke aliyepita kwenye ugonjwa yeye mwenyewe, mwenye kujua kusikiliza na kufunga kinywa. Siri ya mugonjwa ibaki kwake, isifike kisimani. Aende mara moja kwa juma, wafanye pumzi pamoja, waongee, na amukumbushe siku ya kipimo. Mabwana nao waitwe angalau mara moja, juu mara nyingi hawajui waseme nini, na ukimya wao unamuumiza mama hata kama hawakukusudia.

Kwa wafadhili naomba hivi: muliponunua dawa mulifanya vema, muendelee. Mufikirie pia nauli ya mwenzi, mafunzo yake ya siku chache, na munganga wa akili wa kumuuliza mambo yanapozidi nguvu zake. Mwenzi naye ni mutu, anachoka, na anahitaji wa kumusikiliza.

Jambo hili litapigiwa kura kwenye mkutano ujao. Wamama waliopona ambao wanaweza kuwa wenzi, wamuone sekretari leo kabla ya kwenda nyumbani. Hamuombwi masomo. Munaombwa kukubali kukaa pembeni ya mwenzenu, hata siku ambayo hana la kusema.